Mtoto Niliyemwondoa Kwenye Ushuhuda

Nilimfundisha mama aliyefiwa kumruka mwanawe. Sikumwambia kwa maneno hayo. Nilimwambia, "Hapo usifike, mama. Ishia pale mlipookolewa." Maana ilikuwa ile ile, na yeye aliielewa kabla yangu.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mmoja huku Manyara, upande wa Babati. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu: wainjilisti, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, na yeyote anayekwenda msibani na Biblia mkobani akitarajiwa kusema neno. Nililofanya ni jepesi kulifanya. Linafanywa na watu wema, mara nyingi huku wakishangiliwa. Mama mwenyewe ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la binti yake. La binti, alisema, atalitaja mwenyewe kwa watu anaowataka.

Jumapili ya Desemba 3, 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo mwaka wa kanisa unaanza nasi tunaanza kumngoja Bwana. Asubuhi na mapema siku hiyo ubavu wa Mlima Hanang uliporomoka. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano ya zamani, na mvua kubwa za msimu ule wa El Niño zilikuwa zimeulowesha mpaka sehemu yake yenye miamba dhaifu ikashindwa kujishikilia. Tope likafuata mkondo wa Mto Jorodom, likabeba mawe na miti mizima, likaingia katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo. Walikufa watu 89. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari. Waziri Mkuu akaja kuongoza kuaga miili. Waliokosa pa kulala wakahifadhiwa kwenye shule.

Maneno yalikuwa mengi siku zile. Wapo waliosema mlima umelipuka, mpaka Serikali ikatoa maelezo ya wataalamu kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano. Wapo pia waliosema Katesh imeadhibiwa kwa dhambi zake. Hilo sikulisema. Nilikuwa nimeshahubiri habari ya mnara wa Siloamu katika Injili ya Luka, ulioanguka ukaua watu 18, na jinsi Yesu alivyokataa katakata kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Basi nilipomsikia mtu anawahukumu marehemu nilimkemea, na nikaamini kwamba kwa kuliepuka kosa hilo nimeepuka yote. Kosa langu lilikuja limevaa shukrani, kwa hiyo sikulitambua.

Nilifika Katesh siku chache baada ya maporomoko, na lori la misaada iliyochangwa na washarika: unga, maharage, mablanketi, sabuni, ndoo, kanga. Tulipomaliza kushusha mizigo kwenye mojawapo ya shule hizo nikaombwa niseme neno la faraja. Nilisema kile tunachokisema sote. Basi likipinduka tunalisema, nyumba ikiungua tunalisema, boti ikizama tunalisema: Mungu amewaacha kwa kusudi. Watu wakaitikia Amina. Hakuna aliyeniuliza kuhusu wale ambao hawakuachwa.

Hapo ndipo nilipokutana na mama yule. Alikuwa ameketi nje ya darasa, mtoto wa kiume amelala mapajani mwake. Nilimsalimia, nikakaa, akaanza kunieleza. Yeye na watoto wake wawili walikuwa ndani. Alisikia ngurumo akadhani ni malori, maana Katesh iko kwenye barabara kuu inayotoka Babati kwenda Singida na sauti ya malori ni jambo la kila siku. Alipofungua mlango, tope lilimfika kiunoni. Alimbeba mdogo begani na kumshika binti mkono. Binti alikuwa darasa la pili. Walipofika nyuma ya nyumba ukuta ukaanguka, wakasukumwa wote watatu, na mkono ukateleza. Yeye na mvulana walivutwa na vijana waliokuwa juu ya bati la jirani. Binti alipatikana baadaye, akazikwa.

Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, bila machozi, akirudi mara kwa mara kwenye ule mkono. Alitaka kujua ingekuwaje kama angemshika kifundo badala ya vidole. Aliniuliza mimi swali hilo. Nadhani aliniuliza kwa sababu nilikuwa nimevaa kola, na mtu mwenye kola anadhaniwa anajua.

Nilimjibu haraka mno. Nilisema, "Usiangalie nyuma, mama. Mungu amekuacha wewe na huyu kijana kwa kusudi." Akanitazama, kisha akasema, "Amina, mwinjilisti." Amina ile niliihesabu kuwa imani.

Wazo la kumwomba atoe ushuhuda lilikuwa langu. Mahitaji yalikuwa makubwa, na mimi nimehudumu kanisani muda wa kutosha kujua jinsi watu wanavyotoa: ukisoma orodha ya mahitaji mimbarani unapata sarafu, lakini mama akisimama na mtoto aliyevutwa kutoka kwenye tope, watu wanatoa mabati. Zaidi ya hayo niliamini kweli kwamba kusimulia kungemsaidia, kwamba kila atakapomshukuru Mungu mbele za watu moyo wake utapanda ngazi moja. Nilimwomba, akakubali. Sijui kama alijiona ana ruhusa ya kukataa. Alikuwa anakula chakula nilichokileta.

Mara ya kwanza alisema yote. Alisema ngurumo, tope, ukuta, mkono. Alimtaja binti kwa jina. Kanisa likanyamaza kabisa. Akina mama walilia, wanaume wakainamisha vichwa, na mwalimu wa kwaya alisimama akakaa tena kwa sababu hakujua wimbo gani unafuata. Ibada ikaisha kwa unyonge. Mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni akanishauri kwa nia njema: watu wametoka wazito, wanahitaji ushuhuda wa ushindi. Nilikubaliana naye. Mzee hakumwambia mama neno lolote. Aliyemwambia ni mimi.

Nilimpangia. Aanze na giza na kelele, aende kwenye tope, afike kwenye wale vijana juu ya bati, amwinue mwanawe watu wamwone, kisha aseme Mungu ni mwema. Nilimweleza kwamba habari ya binti ni ya faragha, ni ya moyoni mwake na Mungu wake, si lazima igawiwe kwa kila mtu. Hayo ni maneno ya busara, na kama yeye ndiye angeyasema yangekuwa kweli. Niliyasema mimi kwa sababu nilitaka kelele za Haleluya.

Na Haleluya zilikuja. Tulizunguka mitaa na sharika, na kila alipomwinua yule mtoto kanisa lilisimama. Watu walitoa fedha, mabati, magunia ya mahindi. Mama mmoja alivua kitenge chake kipya akamfunika nacho. Vitu vile vilikuwa vya kweli na viliwafikia watu waliovihitaji. Hilo siwezi kulikana, na ndilo lililonifanya nikae muda mrefu bila kushtuka. Nilijiambia kwamba Mungu asingebariki jambo lisilompendeza. Ewe unayesoma, jihadhari na hoja hiyo. Mabati yanaweza kuletwa na kosa, na bado yakazuia mvua.

Dalili zilikuwapo. Mama alianza kusema haraka. Akawa haangalii watu, anaangalia saa ya ukutani au mlango. Kila alipofika mahali ambapo zamani binti alikuwa anatokea kwenye habari, alishika kanga yake akaifunga upya, kisha akaendelea. Yote hayo niliyaona. Nikasema moyoni kwamba ameanza kuzoea.

Nilitambua nikiwa kwenye basi dogo, tukirudi kutoka kwenye ibada, katika wiki za Kwaresima ya mwaka 2024. Mvulana alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nahesabu mambo yangu: ratiba ya Jumapili inayofuata, nani wa kumpigia simu, lori la nani litabeba mahindi. Mama akasema, "Mwinjilisti, leo baada ya ibada akina mama wameniuliza nina watoto wangapi."

Nikaitikia tu, "Ndiyo, mama."

"Nimewajibu mmoja."

Sikuelewa. Nilisubiri aendelee.

"Ningesema wawili wangeniuliza mbona kanisani sikumtaja wa pili. Wangeona nimedanganya madhabahuni. Kwa hiyo nimesema mmoja."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa kwa anayehusika. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta pa kujitetea. Nilikumbuka kwamba sikuwahi kumwambia aseme ana mtoto mmoja. Nilikumbuka kwamba alikubali mwenyewe. Nilikumbuka mabati. Kisha nikafanya kile ambacho nimezoea kufanya ninapokosa la kusema. Nikasema, "Mama, tuombe."

Akasema, "Hapana, mwinjilisti. Leo usiombe."

Tukanyamaza. Njia ilikuwa ndefu, na nashukuru kwamba ilikuwa ndefu, kwa sababu ningefika haraka ningejifungia ofisini na kupata maelezo ya kunituliza. Ndani ya basi lile sikuwa na pa kwenda. Nilianza kufikiri juu ya bibi zetu. Mwulize bibi yeyote wa huku kwetu ana watoto wangapi, atakwambia nimezaa wanane, wako watano. Hapunguzi hesabu. Aliyekufa akiwa na siku tatu yumo kwenye wale wanane, sawa na yule aliye mwalimu Arusha. Bibi zangu hawakusoma chuo cha Biblia na hesabu hiyo waliijua. Mimi niliyesoma ndiye niliyemfikisha mama mahali ambapo hesabu yake ya watoto ilipungua mdomoni mwake mwenyewe, mbele ya watu waliomuuliza kwa upendo, kikombe cha chai mkononi.

Halafu likaja lingine, zito zaidi. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu tukakiri pamoja imani yetu, na ndani yake tunasema tunaamini ufufuo wa wafu. Hilo ndilo tumaini tulilonalo. Si kwamba baadhi yetu tutavutwa na vijana walio juu ya bati, kwa kuwa hata waliovutwa watakufa siku nyingine. Tumaini letu ni juu ya wale ambao hawakuvutwa. Mimi nilimpeleka mama huyu makanisani kutangaza tumaini, na kabla hajasimama nikamwondoa yule mmoja ambaye tumaini hilo lilikuwa lake hasa. Nilibaki na habari njema ya watu walio hai. Habari hiyo mtu yeyote angeweza kuitoa, hata asiyemjua Kristo.

Nilimwomba msamaha tuliposhuka. Akasema, "Nimesikia." Hakusema zaidi, na sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Gharama ya kosa langu ilikuwa hivi. Mama hakutoa ushuhuda tena, na hakuja ibadani tena kwa muda mrefu. Nilipomtembelea alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, na nilipotaka kuaga kwa sala alisimama kunisindikiza kabla sijafungua mdomo. Mvulana, aliyekuwa amesikia ushuhuda ule mara nyingi, alikuwa amejifunza kutomtaja dada yake mbele ya wageni. Jitihada za kuchangisha zilipungua, na baadhi ya watu waliniuliza kwa nini nimeacha jambo lililokuwa linakwenda vizuri. Niliwaeleza wazee wa kanisa ukweli. Wengine walinielewa, wengine walidhani nimechoka.

Kuna mzee mmoja ambaye nimemkosea bila hata kuongea naye wakati ule. Yeye tope lilimchukulia mke na watoto wote. Alikuwa kwenye shule ile ile, alisikia neno langu la kusudi, na baadaye akasikia habari za ushuhuda uliozunguka. Nilipokwenda kumwona alinieleza kwa adabu sana. Alisema, "Wewe ulituletea Mungu wa waliotoka." Aliona kwamba kwake hakuna wa kuinuliwa mbele ya kanisa, basi na yeye hana cha kushuhudia. Mpaka leo haendi kanisani. Hilo silisemi kumshutumu.

Nilirudi kwenye Maandiko nikiwa na maswali niliyostahili kuwa nayo mwanzoni. Nilisoma Ayubu polepole. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walikuwa wachungaji bora kuliko mimi. Waliharibu walipoanza kueleza. Na mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena, wakati Ayubu ndiye aliyekuwa amelalamika sura baada ya sura.

Lakini kilichonishika ni hesabu za mwisho wa kitabu. Sisi watu wa Hanang na Babati tunaishi na wafugaji, tunajua maana ya kuhesabu zizi. Ayubu alikuwa na kondoo 7,000, akarudishiwa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Kila kitu mara mbili. Watoto walikuwa 10, wana 7 na mabinti 3, na alipobarikiwa tena alipewa 10. Kwa nini watoto hawakuongezwa mara mbili kama ngamia? Wapo wahubiri wanaojibu kwamba kondoo waliopotea walikuwa wamekwisha, bali wale watoto wa kwanza hawakuwa wamekwisha mbele za Mungu. Kumi walio kwake na kumi walio nyumbani ni 20, na hiyo ndiyo mara mbili. Sijui kama mwandishi alikusudia hivyo. Najua kwamba nilikuwa nimekihubiri kitabu hicho kwa miaka kama habari ya mtu aliyelipwa, na sikuwahi kuuliza habari za wale 10 wa kwanza.

Nikamsoma pia Tomaso. Tunamkumbuka kwa kutokuamini, tukamgeuza kuwa mfano wa onyo. Sikuwahi kuona alichoonyeshwa. Kristo aliyefufuka, ambaye mauti haimwezi tena, alikuja na alama za misumari mikononi na jeraha la mkuki ubavuni. Ufufuo haukuzifuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwanafunzi wake atie kidole. Mimi nilimwambia mama afiche mkono.

Naomba nisieleweke vibaya. Sijaacha kuamini muujiza. Vijana wale juu ya bati walihatarisha maisha yao, na kwa maisha ya yule mvulana ninamshukuru Mungu leo kama nilivyomshukuru siku ile. Wala sisemi ushuhuda uondolewe kwenye ibada. Nimeona ushuhuda ukiinua watu waliokata tamaa kabisa. Ninachosema ni kwamba kufunga kidonda kabla ya kukiosha hakukuponyi, hata kama kitambaa ni cheupe, na mimi nilikuwa na haraka ya kitambaa kwa sababu kidonda kilinitisha mimi. Zaburi ya 88 inaanza katika dhiki na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa ushindi mwishoni, na waliokusanya Zaburi waliiacha humo kama ilivyo. Hawakumwambia mwandishi aongeze Haleluya. Pale Bethania Yesu alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini akitembea, na bado alilia kwanza.

Tumaini lilimfikia mama yule. Sikulipeleka mimi. Alinieleza mwenyewe baadaye, na nalisimulia kama alivyolisimulia.

Kulikuwa na bibi mmoja, jirani, ambaye naye tope lilimchukulia mjukuu. Bibi huyo si mtu wa maneno kanisani. Sidhani kama amewahi kuongoza sala. Alikuja alasiri moja na ungo wa kunde, akakaa, wakaanza kuchambua pamoja. Baada ya muda akauliza, "Binti yako alipenda nini?" Mama alisema hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo tangu Desemba. Akaanza kusema. Alipenda miwa. Alipenda kumvalisha mdogo wake viatu, akikosea kushoto na kulia. Aliogopa jogoo wa jirani. Alisema mpaka kunde zikaisha. Bibi akarudi siku nyingine, na nyingine, na naye akasema habari za mjukuu wake.

Siku moja mama akafika kwenye mkono. Alimuuliza bibi swali lile lile aliloniuliza mimi. Bibi alichukua mkono wake, akaushika kwa vidole, kisha akaushika kwa kifundo, akaujaribu huku na huku. Akamwambia kwamba tope lile lilikuwa limebeba mawe ambayo wanaume kumi hawawezi kuyasogeza, na hakuna mshiko wa mama duniani ambao ungelishinda. Kisha akamwambia kwamba mwanawe hakuachwa. Mpaka dakika ile ya mwisho alikuwa ameshikwa. Mama akalia kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo alianza kusali tena, na anasema sala za mwanzo zilikuwa za ugomvi. Alimuuliza Mungu alikuwa wapi. Hakujibiwa. Aliendelea kuuliza kwa sababu, kama alivyoniambia, huwezi kugombana na mtu usiyeamini kwamba yupo. Polepole ugomvi ukageuka kuwa mazungumzo. Mwishoni mwa mwaka 2024 zilipokabidhiwa nyumba 109 zilizojengwa kule Waret kwa ajili ya waathirika, watu wengi wa Katesh walipata mahali pa kuanzia upya. Nyumba ni neema, na sitaki kuidharau hata kidogo. Lakini mama alikuwa ameanza kupona kabla ya ufunguo wowote, kwenye ungo wa kunde, siku aliporuhusiwa kuwa na watoto wawili.

Amerudi kanisani. Si kwenye mtaa wangu, na ni haki yake. Nilialikwa huko siku moja, nikakaa nyuma. Ulipofika wakati wa shukrani alisimama bila kuitwa na mtu. Alisema maneno machache: "Nimezaa wawili. Huyu yuko hapa. Dada yake namngoja." Akataja jina. Akakaa. Hakuna aliyepiga Haleluya. Mzee mmoja akaanza wimbo kwa sauti ndogo na kanisa likamfuata.

Mimi bado ni mwinjilisti. Bado naitwa kwenye misiba, na maafa hayajaisha katika nchi hii. Mvua zitarudi, na mahali fulani mlima mwingine utalowa. Siku hizi nikifika nauliza majina ya waliokufa na kuyaandika kwenye daftari, nikihakikisha nimeyaandika sawasawa. Neno la kusudi sijalisema tena kwa mtu ambaye hajazika. Mara nyingi nasema kidogo sana, na wapo wanaoona nimepoa kihuduma. Nawaelewa.

Ndugu yangu, kama wewe ndiye utakayepewa dakika tano za kusema neno kwa waliofiwa, kaa nao kwanza. Mwulize mama ana watoto wangapi, usubiri jibu lote. Akikuuliza swali usilolijua jibu lake, mwambie hujui. Na kama umeshapanga mtu aje kutoa ushuhuda Jumapili hii, mpigie simu leo, umwambie kwamba ana ruhusa ya kusema yote, na ana ruhusa ya kutokuja.